Kura yako ya Hive inalipa shilingi ngapi? Maswali yenu na majibu

Toleo lililopita tuligusia kwa mistari miwili tu kwamba kwenye mtandao wa Hive mtu analipwa kripto kwa kupigia kura posti za wenzake, basi ujumbe ukamiminika. Wengine mmeuliza vitu vya maana kabisa, wengine mmetuma namba za simu mkidhani sisi ndo tunagawa hizo hela. Hatugawi jamani. Nimechukua maswali machache yanayobeba mengine, nimeyafupisha na majina nimeyaacha.

Anko shikamoo. Mi nasoma chuo hapa Morogoro, jamaa ninayekaa nae geto anasema analipwa kwa kulike posti, mi nalike Instagram kutwa nzima silipwi hata mia. Huu ni utapeli kama ule wa tuma elfu kumi upate elfu ishirini au ni kweli? Na kama ni kweli hiyo hela anaitoa nani? (Mwanachuo, Morogoro)

Marahaba kijana. Ni kweli, na hilo swali lako la mwisho ndo zuri zaidi, maana ukikutana na mtu anasema unalipwa alafu hawezi kukwambia anayelipa ni nani, kimbia.

Hive hamna tajiri anayetoa hela mfukoni wala hamna kampuni inayolipia matangazo. Mtandao wenyewe unatengeneza sarafu mpya, zinaitwa HIVE, kila bloku (kifurushi cha kumbukumbu za miamala) inapopita, na bloku inapita kila sekunde 3, usiku na mchana. Hizo sarafu mpya zinagawanywa hivi: asilimia 65 zinaenda kwenye mfuko wa waandishi na wapiga kura, 15 zinaenda kwa watu walioifunga HIVE yao isitembee, 10 zinaenda kwa mashahidi, yaani wale wenye seva zinazoendesha mtandao, na 10 zinaenda mfuko wa maendeleo ambao wanachama wenyewe wanachagua miradi ya kulipia. Kasi ya kutengeneza sarafu hizi ilipangwa Desemba 2016, enzi hizo mtandao bado unaitwa Steem, kwa kasi ya asilimia 9.5 kwa mwaka, na kasi inashuka taratibu kama nusu asilimia kila mwaka mpaka ije ifike 0.95 ibaki hapo.

Kwahiyo anayekulipa ni kila mwenye HIVE, pamoja na wewe mwenyewe. Sarafu zinaongezeka, ya kila mtu inakuwa nyepesi kidogo, na kile kilichopungua kwa waliokaa kimya kinaenda kwa wanaoandika na wanaopiga kura. Wenyewe wamelipanga hivyo na liko wazi, sio siri.

Posti ikitimiza siku 7 hesabu inafungwa, nusu ya kilichopatikana anachukua mwandishi na nusu wanagawana waliopiga kura. Sasa tofauti na Instagram ni hii, kule like yako na like ya mtu mwingine zote ni moja. Hive kura ina uzito, na uzito unatokana na Hive Power, watu wanaiita HP kwa kifupi, ambayo ni hiyo HIVE uliyoifunga kwenye akaunti. Mwenye HP 10,000 kura yake ni nzito mara elfu moja kuliko ya mwenye HP 10, hata kama wamebonyeza kitufe kilekile sekunde ileile. Huyo jamaa yako analipwa kweli, ila muulize ana HP ngapi na analipwa kiasi gani, hapo ndo stori huwa inakuwa fupi.

Niaje mkubwa. Mimi niko boda hapa Kisumu, nikingoja customer nakuwa na time mob. Nilifungua account nikavote kila post nikiona, wiki mbili mzima, na kila nikiangalia ni 0.000, zero zero zero. Kwani nakosea wapi? (Wa boda, Kisumu)

Poa sana ndugu. Hakuna kitufe ulichokosea, tatizo ni hesabu na nitaifanya hapa polepole kwa sababu nusu ya barua nilizopata zinauliza hii hii.

Mtu anayepiga kura vizuri, bila kulaza nguvu yake, kwa kawaida anapata kama asilimia 8 kwa mwaka ya HP aliyonayo. Inapanda na kushuka kidogo kulingana na watu wangapi wanapiga kura, lakini tuchukue 8. Kwa siku unaweza piga kura 10 za nguvu kamili, kwa mwaka ni 3,650. Akaunti yenye HP 10 itapata HP 0.8 kwa mwaka mzima. Gawanya kwa kura 3,650 unapata kama 0.0002 kwa kura moja. Na skrini inakuonyesha tarakimu tatu tu baada ya nukta, kwahiyo 0.0002 unaisoma 0.000. Ndo hizo zero zako.

Sasa weka HP 1,000. Kwa mwaka ni HP 80. HIVE ikiwa senti 25 za dola, hiyo ni dola 20, kwa pesa za Kenya kama elfu mbili na mia sita, mwaka mzima bro, hiyo kwako ni trip za siku chache tu. Na kuzipata hizo HP 1,000 kwa bei hiyo unatoa dola 250.

Kuna kitu kingine ambacho wengi hawakijui. Posti isipofikisha senti 2 za dola mpaka siku 7 ziishe hailipi kabisa, sio mwandishi sio mpiga kura. Rudi kwenye hesabu yetu, kura moja kamili ya HP 1,000 inaipa posti thamani ya kama senti 1. Yaani hata huyo mwenye HP elfu moja akimpigia kura mtu peke yake, na mwingine asitokee, wote wawili wanatoka mikono mitupu. Wewe uliyekuwa unavote kila kitu bila shaka umeangukia posti nyingi za hivyo.

Na hiyo ya kuvote kila unachokiona nayo ipunguze. Kura moja ya asilimia 100 inakula asilimia 2 ya nguvu iliyobaki, alafu nguvu inarudi asilimia 20 kila masaa 24. Ndo maana nikasema kura 10 kwa siku, ukipiga 80 nguvu inaporomoka na kila kura inakuwa nyepesi kuliko iliyopita. Jumla yake haipotei sana, inasambaa tu kwenye posti nyingi mpaka haionekani popote. Kinachopoteza kabisa ni kinyume chake, nguvu ikijaa asilimia 100 ukailaza, kwa sababu ikishajaa haiongezeki tena na muda unapita bure. Ichezeshe kati ya 80 na 100, inatosha.

Kama una muda mwingi kijiweni nakushauri uutumie kuandika na kukomenti. Komenti nazo zinapigiwa kura kama posti, na mwandishi hahitaji HP kubwa ili alipwe, anahitaji wenye HP kubwa wamuone. Maisha ya boda Kisumu kuna watu Venezuela na Poland watasoma, na huko ndiko HP zako za kwanza zitatoka.

Habari mwalimu mwenzangu wa mtandaoni. Nilielezwa kwamba siri ya faida ni kupiga kura dakika ya tano tangu posti itoke, ukiwahi unaliwa, ukichelewa wengine wanakula. Nimekuwa nikitega alamu. Hii bado inafanya kazi? (Mwalimu, Tanga)

Zima alamu ulale mwalimu. Hiyo ilikuwa kweli zamani na imeshafutwa.

Zamani ilikuwa hivi: aliyewahi kupigia kura posti ambayo baadae ikapendwa na wengi alikuwa anachukua sehemu kubwa kuliko waliofuata. Kuzuia boti, yaani programu zinazopiga kura zenyewe, zisivamie posti sekunde ya kwanza wakaweka adhabu, ukiwahi mno sehemu ya malipo yako unanyang'anywa. Mwanzoni adhabu ilikuwa inadumu dakika 30, ikaja 15 mwaka 2018, ikaja 5 mwaka 2019. Matokeo yake kila mwenye boti akawa anaitega kwenye dakika hiyohiyo, hasomi mtu, wanaviziana tu. Mimi naona ule ulikuwa mchezo wa hovyo kuliko yote kwenye ule mtandao, watu wanaitwa wachaguzi wa maandishi mazuri na hakuna hata mmoja aliyefungua hayo maandishi.

Juni 2021 Hive wakafanya mabadiliko makubwa, adhabu ya dakika ikafutwa. Sasa ukipiga kura ndani ya masaa 24 ya kwanza, iwe sekunde ya pili au saa ya ishirini na tatu, uzito wako ni uleule. Baada ya hapo mpaka masaa 72 unapata nusu. Ukivuka masaa 72 unabaki na moja ya nane, kwahiyo posti ya siku nne iliyopita isome, ikomentie, kura tunza.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawajalitafakari. Kama wote waliopiga ndani ya siku moja wanalipwa kwa uzito wa HP zao tu, basi faida yako kwenye posti ya staa na faida yako kwenye posti ya mtu asiyejulikana ni karibu sawa, ilimradi ile ya asiyejulikana ivuke zile senti 2 na isije ikapigwa kura za chini, yaani kura za kupunguza malipo. Posti ndogo sana inakatwa kidogo kwenye hesabu lakini sio kwa kiasi cha kukunyima usingizi. Kwahiyo kumpigia mtu kura kwa sababu ni mkubwa hakukuongezei kitu. Piga kwa unachokipenda kweli, hela ni ileile.

Kama uliwahi kusoma kwamba mwandishi anachukua asilimia 75 na wapiga kura 25, hiyo nayo ni ya zamani. Ilibadilika kuwa nusu kwa nusu Agosti 2019.

Anko mambo vipi, kuna grupu la WhatsApp nimealikwa, watu kama arobaini, kila mtu anaposti alafu wote tunampigia kura asilimia mia, kesho mwingine. Naona ni kama mchezo wa kupeana, nijiunge? Na hizi boti za kuvote zenyewe ni halali? (Muuza vipodozi, Dodoma)

Poa dada yangu. Mchezo wa kupeana kila mtu anaweka hela yake mezani. Hapa mnachopeana kinatoka kwenye mfuko wa wote, na wote wanaona, maana kila kura imeandikwa hadharani kwenye blokucheni, lile daftari la wazi la mtandao, na haifutiki. Mtu mmoja mwenye programu ya kuchambua takwimu anatoa ramani ya nani anampigia nani kwa dakika chache tu.

Alafu wakishaona kuna kura za chini. Kila akaunti tangu 2019 ina akiba ya pembeni ya kupiga kura za chini, sawa na robo ya nguvu yake ya kawaida, kwahiyo kumpunguzia mtu malipo hakumgharimu aliyepiga. Posti ya dola 4 inaweza kulala ikiwa na dola 4 ikaamka ina sifuri, na nyie arobaini wote nusu yenu ya wapiga kura inaondoka nayo. Zikishapungua hela hazichomwi, zinabaki mfukoni kwa posti nyingine. Wapo watu kazi yao ni hiyo, kufukuzia wizi wa maandishi ya wengine, akaunti feki na hizi pete za kuvotiana, na wengine wana HP za kutisha. Wakati mwingine wanamkosea mtu na ugomvi wake unakuwa mrefu kama wa nyumba ya urithi, lakini grupu la kupeana kura zamu kwa zamu halina utetezi wowote.

Boti ni habari nyingine. Kati ya 2017 na 2019 kulikuwa na boti za kununua kura, unatuma sarafu kwenye akaunti ya boti inakupigia kura kubwa, posti inapanda kileleni hata kama umeandika takataka, na kileleni kukajaa takataka kweli. Hizo jamii imezipiga vita mpaka zimeisha kwenye Hive. Lakini kupanga kura zijiendeshe zenyewe, mfano unaiambia tovuti ya hive.vote kila fulani akiposti mpigie asilimia 50, au ufuate kura za mtu mwenye macho mazuri, hiyo inaruhusiwa na wengi wanafanya. Mimi binafsi sioni ubaya mtu aweke otomatiki kwa waandishi watano sita anaowasoma kila siku. Ukifikisha themanini hapo ushakuwa boti mwenyewe.

Salaam mhariri. Kuna kaka alojitolea kunifunza, sasa yuwaniambia nimpe ile paswedi kuu ndipo aniwekee kura za otomatiki na pia nimkopeshe HP zangu anipe faida kila siku. Nimpe? (Bi wa Likoni, Mombasa)

Wa alaykum salaam bibi. Usimpe. Hata akiwa mtu mwema kiasi gani, usimpe, kwa sababu kazi anayosema anataka kufanya haihitaji hiyo paswedi.

Akaunti ya Hive ina funguo kadhaa na kila mmoja una kazi yake. Kuna wa kuposti, huo ndo unapiga kura, unaandika, unakomenti, na hauwezi kuhamisha hata senti. Kuna wa pili wa mambo ya hela, unatuma, unafunga na kufungua HP. Kuna wa mmiliki ambao unaweza kubadilisha funguo zingine zote. Na kuna mdogo wa kusomea ujumbe wa siri. Paswedi kuu ndo inayozaa hizi zote, mwenye nayo ndo mwenye akaunti, na mara nyingi inaanza na P5, ukiona kitu kinaanza na P5 basi hicho kinakaa kwenye karatasi kabatini na hakiandikwi kwenye WhatsApp hata kwa mumeo.

Kura za otomatiki unaziweka mwenyewe kwa kuiruhusu programu itumie ule ufunguo wa kuposti, na siku ukitaka unaondoa ruhusa. Kwenye simu tumia Hive Keychain ihifadhi funguo, alafu uingie PeakD au Ecency, kurasa za kusomea na kuandikia Hive, kupitia hiyo. Mtu akikutumia linki ya kura au zawadi alafu inakudai ufunguo wa hela au paswedi kuu, funga ukurasa. Hapa hamna ofisi ya kwenda kulalamika wala kubonyeza nimesahau paswedi. Kuna njia moja ya kurudisha akaunti iliyoibiwa kupitia akaunti iliyowekwa kama mdhamini wako, ina siku 30 tu tangu ufunguo wa mmiliki ubadilishwe, na inataka bado uwe na ule ufunguo wa zamani.

Kuhusu kukopesha HP, hiyo ni kitu halali na unaifanya wewe mwenyewe kutoka kwenye waleti yako, sio yeye. HP inabaki jina lako, aliyekopeshwa anaitumia kupigia kura tu, hawezi kuiuza. Siku ukiivuta inachukua siku 5 kurudi. Kuna akaunti za jamii zinazopokea HP za watu wadogo, wanasoma posti, wanapiga kura, alafu wanawagawia waliokopesha karibu faida yote. Kwa mtu mwenye HP ndogo ambae hana muda naiona ni njia nzuri kuliko kubonyeza ovyo. Ila ahadi ya kulipwa ni ahadi tu ya mtu, blokucheni haimlazimishi, kwahiyo angalia historia ya malipo ya hiyo akaunti, iko wazi, kabla ya kukopesha.

Assalaam alaykum. Mimi ni Mzanzibari naishi Maskati. Mwaka 2018 nilikuwa naandika Steemit nikaachana nayo bei ilipoanguka. Sasa nasikia Hive, Hive. Ni kitu kimoja au viwili? Vile vijisenti vyangu viko wapi? (Mzee wa Maskati)

Wa alaykum salaam mzee wangu, shikamoo. Yamkini una vijisenti sehemu mbili na hujui.

Steem, mtandao uliokuwa nyuma ya Steemit yako, ilianzishwa 2016 na Ned Scott na Dan Larimer, na Januari 2018 sarafu yake ilipita dola 8, bila shaka ndo ilikuvuta. Februari 2020 kampuni ya Steemit Inc ikauzwa kwa Justin Sun wa Tron, mtandao mwingine wa kripto, pamoja na fungu kubwa mno la STEEM ambalo kampuni ilijichimbia mwanzoni kabisa kabla watu hawajafika. Kampuni ilikuwa imeahidi miaka yote kwamba fungu hilo halitatumika kupigia kura mashahidi, yaani kuchagua wanaoendesha mtandao. Mashahidi wakaingiwa na hofu wakaligandisha. Tarehe 2 Machi 2020 masoko matatu makubwa ya kununua na kuuza kripto, Binance, Huobi na Poloniex, yakafunga STEEM za wateja wao na kuzitumia kuwapigia kura mashahidi wapya upande wa Sun. Wateja wenye sarafu zao mle hawakuulizwa, na kwa kuwa kufungua STEEM iliyofungwa wakati huo kulichukua wiki 13, masoko yenyewe yakajikuta yameganda na wateja wengine hawawezi kutoa zao. Baadae Binance wakasema hawakuelewa walichokuwa wanaunga mkono.

Tarehe 20 Machi 2020 wanajamii wengi wakahama na nakala nzima ya blokucheni, wakaiita Hive. Kila mwenye akaunti Steem siku hiyo akapata kiasi kilekile kwa HIVE, isipokuwa lile fungu la kampuni, ambalo upande wa Hive likawekwa kwenye mfuko wa maendeleo, na baadhi ya akaunti zilizowaunga mkono mashahidi wa Sun, hizo hazikupewa moja kwa moja.

Kwahiyo mzee tafuta zile funguo zako za 2018. Jina lako na funguo zako za siku ile zinafungua Steem na zinafungua Hive, na pande zote mbili kuna salio lako na posti zako zote za zamani. Ukifika badilisha paswedi kila upande peke yake. Na Hive usione malipo ya wenzako ukadhani mambo ni kama 2018, bei ya siku zile haijarudi.

Anko naomba unyooshe hapa, hela inatokaje Hive mpaka inafika kwenye M-Pesa yangu? Na TRA wanasemaje? (Fundi simu, Mwanza)

Malipo ya kupiga kura yanakuja kama HP, yote, hamna hata sehemu inayokuja ya kutumia papo hapo. Mwandishi ndo anapata nusu HP na nusu HBD, ile sarafu yao inayojaribu kukaa karibu na dola moja. Kwahiyo mpiga kura akitaka hela inabidi aanze kufungua HP, inatoka kwa mafungu 13, fungu moja kila wiki, miezi mitatu. Ukiibiwa funguo, hizi wiki 13 utazishukuru, ukiwa na shida ya ada utazilaani.

Fungu likitoka unalituma kwenye soko linalopokea HIVE, unabadilisha iwe USDT, sarafu inayofuata bei ya dola, alafu unauza kwa mtu anayekulipa kwa simu. Sehemu watu wanaumia ni memo. Soko linakupa jina la akaunti na namba ya memo, jina ni moja kwa wateja wao wote, memo ndo inayosema hii ni ya nani. Ukiisahau sarafu imefika lakini haina mwenyewe, na kuidai ni barua pepe za wiki kadhaa. Tuma kidogo kwanza, ikifika ndo utume zilizobaki. Na usiachie USDT kwa mnunuzi mpaka uone salio kwenye simu yako mwenyewe, meseji ya muamala inafojiwa kirahisi, wewe fundi unajua.

Sheria: Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo kwamba sarafu hizi sio fedha halali nchini na kuonya watu. Juni 2021 Rais Samia akaitaka Benki Kuu ijiandae na mambo ya kripto. Alafu Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali, anayekata ni mwenye jukwaa au anayewezesha muamala. Yaani kodi ipo, kwahiyo weka rekodi zako. Wenzetu Kenya walianza na asilimia 3 mwaka 2023, 2025 wakaifuta wakaweka ushuru wa asilimia 10 kwenye ada ambazo makampuni ya kripto yanatoza, na Oktoba mwaka huohuo Rais Ruto akasaini sheria ya kuyapa leseni. Kama unahamisha kiasi kikubwa muone mhasibu, mimi naandika kolamu tu.

Nina laki tano ya vikoba, ninunue HP zote nianze kula hiyo asilimia 8? Naona benki hawatoi hivyo. (Mama wa Tabata, Dar)

Hapana mama. Hiyo asilimia 8 ni ya HIVE, sio ya shilingi. Fikiria kama gawio la SACCOS ambayo hisa zake zenyewe zinaweza kushuka nusu ndani ya mwezi. Mwishoni mwa Novemba 2021 HIVE ilipita dola 3, na muda mwingi wa 2024 ilikuwa chini ya nusu dola. Aliyenunua kule juu hata apige kura kumi kila siku bila kukosa, miaka mitatu ya asilimia 8 haimfikishi popote. Na kumbuka zile wiki 13, siku bei inaporomoka wewe unatoa kijifungu kimoja kila Jumatatu unaangalia.

Kama unapenda kuandika anza na sifuri, fungua akaunti bure kupitia Ecency, jaza HP kwa maandishi yako. Ukiona baada ya miezi umeupenda mtandao na una kakiasi ambako kakipotea watoto wanakula kama kawaida, hapo nunua kidogo. Hela ya vikoba ni ya watu, mama.

Nitumie AI iniandikie komenti mia kwa siku kwenye posti za wakubwa ili wanione? (Hakuweka jina wala mahali)

Watakuona, na watakupiga kura za chini mpaka sifa ya akaunti yako ishuke chini ya sifuri na posti zako zifichwe. Komenti mbili za mtu aliyesoma zinatosha kwa siku, taja kitu kilichomo ndani ya posti, uliza swali. Na wanaoposti kwa Kiswahili hawajafika wengi, wapitie wote leo jioni, nguvu ya kura zako kumi itabaki.